Meza ya Bosi Giam Iliyojizungusha

Siku mashine ya kulisha vidude ilipoletwa karakanani kwa Bosi Giam, ilibidi mlango ung'olewe pamoja na fremu yake, na bado ikaingia kwa kusukumwa matakoni kama bibi harusi asiyemtaka bwana. Siok-khim alikuwa miongoni mwa waliosukuma. Baadaye hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba bega lake nalo lilikuwamo.

Karakana ilikuwa kichochoroni huko Sam-tiong, ng'ambo ya mto ukitokea Taipei, enzi zile dunia nzima ilipotaka redio ya kaseti. Wanawake waliketi kwenye benchi refu, bodi za saketi zikiwapitia juu ya mkanda, kila mmoja na kisanduku chake cha vidude vyenye miguu ya waya. Bodi ikikufikia, unachomeka miguu kwenye matundu yake, unampelekea jirani. Mwisho wa mkanda bodi inapita juu ya risasi iliyoyeyuka, miguu inaganda, kazi imekwisha. Siok-khim ndiye aliyekuwa kiongozi wa benchi. Hata waliomzidi umri walimwita Dada Khim, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa na makali, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nzi akitua kwenye bodi yake hakuondoka tena. Alijikuta amechomekwa miguu yote sita, amelehemiwa, na redio ikaimba vilevile.

Mashine yenyewe ilikuwa bakuli la chuma lenye kutetemeka. Ukimwaga ndani rezista, vile vidude vidogo kuliko vyote, zilipanda zenyewe kwenye kijia kilichozunguka ukingo, zikajipanga foleni, zikateremka kwenye reli hadi kwenye mkono wa chuma uliozichomeka. Aliyeibuni ni Bun-liong, mkwe wa Bosi Giam, mwanamume mpole anayeomba radhi hata akimgonga mtu kwa kivuli chake.

Benchi zima lilitaka kuondoka siku ileile, na maagizo ya redio yalikuwa yamerundikana hadi dirishani. Ndipo Bosi Giam akamwita Siok-khim mbele ya kijimadhabahu cha Babu wa Ardhi, mungu mlinzi wa mahali, pale chini ya ngazi, akawasha ubani na kumbandikia Babu sigara ya kuvuta.

"Khim, wewe wanakusikiliza," alisema. "Mashine itachukua rezista tu, vile vidude vinavyowaua macho. Hakuna atakayetolewa kitini. Babu wa Ardhi huyu hapa ananisikia."

"Nikawaambie hivyo?"

"Kawaambie. Sema ni neno la Giam."

Akaenda akawaambia. Lakini neno la Giam lilikuwa jembamba, halikuwatosha; walimtazama tu. Basi Siok-khim akaongeza la kwake. "Akitolewa hata mmoja wenu kwa sababu ya lile dubwana," alisema, "niiteni mbwa, nami nitabweka mbele ya watu."

Wakacheka, wakakaa.

Tangu hapo akawa yaya wa mashine. Mwanzoni ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Rezista zenye miguu iliyopinda zilishikana huko bakulini kama watoto wanaogombana, foleni ikakwama, mkono wa chuma ukabaki unachomeka hewa. Siok-khim alisimama na Bun-liong asubuhi hadi jioni, akinyoosha miguu ya waya, akichambua vilivyopinda. Chini kulikuwa na kikanyagio. Ukikikanyaga kinalia *tak*, bakuli linatulia, unatoa kilichokwama. Ukikanyaga tena, *tak*, linaanza kutetemeka. Alikikanyaga hata usingizini. Mumewe alilalamika kwamba analala na cherehani.

"Mnyonyeshe, Dada Khim, mnyonyeshe," Hong-tsi alikuwa akimwambia kutoka benchini. Hong-tsi alikaa kiti cha kwanza mkono wa kushoto, mjane mwenye mdomo usio na kifuniko. "Siku akiota meno atamng'ata mama yake kwanza."

"Funga domo, bodi inakupita."

"Inipite tu. Huyo mwanao si ataikimbilia?"

Na mashine ikapona. Tusiisingizie; ilipona vizuri kabisa, ikafanya kazi bila deko. Bun-liong alifurahi hadi akaipaka rangi ya kijani. Mwezi wa mwisho wa mwaka ulipoingia, lori likaleta bakuli la pili. Hili lilikuwa la kapasita, vidude vilivyobaki mikononi mwa benchi.

Siok-khim alimfuata Bosi Giam ofisini, lakini Bosi Giam alikuwa mtu wa kuteleza kama tofu kwenye vijiti. Miaka yote hakuwahi kumwambia mtu neno baya usoni. Hata mkewe, wasema watu, alimposa kwa kumtuma mshenga, na mshenga naye akamtuma mtu.

"Bosi, bakuli lile la pili ni la nini?"

"Ah, Khim. Si karamu ya mwisho wa mwaka ndiyo hiyo inakuja? Tutakula pamoja. Kila kitu kitaeleweka mezani."

Siok-khim alitoka pale damu ikimwenda mbio masikioni. Karamu ya mwisho wa mwaka! Nani asiyejua kazi ya kuku kwenye karamu ile? Kuku huletwa mzima na kichwa chake, na yule ambaye mdomo wa kuku umemwelekea ndiye ambaye mwaka mpya hatarudi kazini. Haambiwi neno. Anakula, anashukuru, anakwenda zake. Tajiri asipotaka kumfukuza mtu, hukigeuzia kichwa kifuani kwake mwenyewe, watu wakapumua na kula. Kila mwaka Bosi Giam alikigeuza kwa mkono wake, akicheka.

Mwaka huo hakukigeuza.

Meza iliandaliwa kichochoroni, chini ya turubai, mbele ya karakana. Mpishi wa karamu alikuwa na masufuria makubwa ya kuogeshea nguruwe. Na meza! Bun-liong alikuwa ameombwa na baba mkwe atengeneze maajabu, naye akatengeneza. Katikati aliweka sinia la mbao pana kama kitanda cha watu wawili, na chini yake akafunga mtambo wa kutetemesha wa lile bakuli la pili. Likiwashwa, sinia lilizunguka lenyewe polepole, likimpitishia kila mtu chakula mbele yake kama bodi juu ya mkanda. Mikate ya mvuke iliyobanwa nyama ilipita ikicheka midomo wazi. Supu ilikunja uso. Samaki alitetemeka hadi macho yakamtoka, na karanga zilipanda ukingo wa sahani, zikajipanga foleni, zikaanza kumdondokea Bosi Giam mapajani moja moja bila kukosea.

"Mnaona?" alisema Bosi Giam, akizipangusa. "Hakuna kujisumbua. Ustaarabu huo."

"Ustaarabu umekulenga, Bosi," alisema Hong-tsi, na watu wakacheka kidogo, kwa tahadhari.

Kisha kuku akaletwa.

Mpishi alimweka juu ya sinia, mdomo nje, shingo imenyooka, macho nusu wazi kama mtu anayekumbuka deni. Sinia likaendelea kuzunguka. Hapo ndipo Siok-khim alipoelewa. Kuku alikuwa anawapitia wote. Alimkabili mwanamke wa kwanza, huyo akashusha vijiti, uso ukamkauka. Akampita, huyo akavuta pumzi. Akamkabili wa pili. Wa pili akatazama bakuli lake la wali. Akampita. Wanawake waliokuwa wakipiga kelele za kuvunja paa sasa walikaa kama watoto wanaosubiri sindano, mmoja mmoja, na ule mdomo wa njano ukiwachagua kwa utaratibu, ukitetemeka.

Bosi Giam alijimiminia bia. Alitazama juu, kwenye turubai, kana kwamba anapima mvua.

Kuku alimfikia Siok-khim. Yeye hakushusha vijiti. Alimtazama kuku jichoni, akamaliza kutafuna figili. Kuku akampita, akamkabili Hong-tsi.

*Tak.*

Sinia likasimama.

Hata supu ikakunjua uso. Hong-tsi alimtazama kuku, kuku alimtazama Hong-tsi. Mkono mmoja wa Hong-tsi ulikuwa bado umeshika mkate wa mvuke.

"Aisee," alisema mwishowe. "Nami nilidhani ananitaka kwa uzuri."

"Basi," alisema Bosi Giam kwa upole, bado anaitazama turubai. "Kuleni, kuleni. Samaki atapoa."

Hong-tsi akaweka mkate chini. Akamgeukia Siok-khim, na machoni hamkuwa na utani hata chembe.

"Dada Khim," alisema. "Bweka basi."

Neno lile lilimwingia Siok-khim kama waya chini ya ukucha. Wote walikuwa wanamtazama yeye sasa, si kuku, si Bosi. Waliketi kwenye viti vyao miezi yote hiyo kwa sababu yake. Waliiacha mashine ile ipone kwa sababu yake. Giam alikuwa amechukua kinywa chake, akakitumia kama mfuko wa nailoni, na sasa ameutupa na uchafu ndani.

Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake, akakiacha.

"Sibweki," alisema. "Leo nang'ata. Bosi, mwambie Hong-tsi kwa mdomo wako."

"Nimwambie nini, Khim? Mimi nimesema nini?" Bosi Giam alifungua viganja vyake, vyeupe kama tofu. "Mimi sikumgusa kuku. Kila mtu ameona. Mikono yangu hii hapa. Ni meza. Meza imesimama yenyewe. Ni mashine, mwanangu, mashine haina upendeleo."

"Ni mashine?"

"Ni mashine."

"Bosi, ile sauti naijua kuliko sauti ya mume wangu."

Akainama, akashika pindo la kitambaa chekundu cha meza, akakiinua chote kwa mara moja hadi begani, mabakuli yakaserereka, vijiti vikamwagika. Na pale chini, watu wote wakiwa wameinama vichwa kama wanaochungulia kisimani, palikuwa na kiatu kimoja kitupu, kimewekwa pembeni kwa adabu, na mguu wa Bosi Giam ndani ya soksi yenye tundu, kidole gumba kikiwa juu ya kikanyagio.

Kidole kile kilijikunja, kikatafuta pa kujificha. Hapakuwepo.

"Nilikuwa najikuna," alisema Bosi Giam.

"Ulikuwa unajikuna." Siok-khim alianza kutetemeka kuliko bakuli. "Umewasha ubani, ukampa Babu wa Ardhi sigara, ukaniambia kawaambie. Nikawaambia. Nimemlea mwanao huyo wa chuma, nimemnyooshea miguu hadi vidole vikaota sugu, nikijua nalinda viti vya hawa. Na leo ukashindwa hata kumtazama Hong-tsi. Umemtuma kuku. Kuku naye umemtumia meza. Meza umeitumia mguu. Mdomo wako una kazi gani, Bosi? Wa kupitishia bia?"

"Khim, tahadhari, unasema na mkubwa wako."

"Mkubwa wangu yuko wapi? Namwona mguu tu."

Bosi Giam aliona mambo yanaharibika, akafanya kosa akidhani ni ujanja. Alikanyaga. *Tak*, sinia likaanza tena, ili kuku aondoke mbele ya Hong-tsi aende zake, iwe kama hapakutokea kitu. Lakini kuku akiondoka kwa mmoja si lazima amfikie mwingine? Akaanza kumgeukia mwanamke aliyefuata, na yule akatoa kilio kidogo, cha kooni.

Sinia likafa ghafla. Hapakuwa na *tak*. Walipogeuka, walimwona Bun-liong amesimama ukutani, waya wa umeme mkononi, uso umemwiva kama kamba aliyechemshwa.

"Nisamehe, Baba," alisema. "Kikanyagio nilikiweka ili watu wapakue supu."

"Washa," alisema Bosi Giam.

"Nisamehe," alisema Bun-liong tena, akauviringisha waya kiwikoni, akaukalia.

Siok-khim alinyoosha mkono juu ya sinia. Akakishika kichwa cha kuku, akakizungusha, *kraa*, kikamjia mkononi na kipande cha shingo. Alizunguka meza nzima, watu wakivuta viti kumpisha. Aliposimama kando ya Bosi Giam, akakiweka kile kichwa kwenye bakuli lake la wali, kwa mikono miwili, kwa adabu zote anazostahili mkubwa, mdomo wa kuku ukimtazama Bosi kifuani.

"Kichwa ni cha mwenye mji," alisema. "Kula, Bosi."

Hapo mila mbili zilimbana kama mlango. Kuku amemwelekea tajiri, maana yake hakuna anayetoka. Na aliyetiliwa chakula bakulini kwa mikono miwili, mbele ya watu, chini ya turubai yake mwenyewe, hakitupi. Atakula, au kesho Sam-tiong nzima itajua kwamba Giam alikataa kuheshimiwa. Majirani walikuwa tayari wamejaza madirisha. Mpishi alikuwa ameacha sufuria linaungua.

Bosi Giam akachukua vijiti. Akakitia kichwa mdomoni. Akafumbua midomo kidogo apate kusema, "Sikilizeni, biashara mwaka huu..." na Hong-tsi, aliyekuwa amefika upande wa pili bila mtu kumwona, akamtilia bakulini mguu wa kuku.

"Kula, Bosi. Usiseme na njaa."

Akatafuna haraka ili aseme. Lakini aliyemfuata Hong-tsi benchini alikuwa amekwisha simama naye, na aliyemfuata huyo. Hawakuambizana. Walijipanga kama walivyozoea kujipanga, kila mtu na kidude chake, na mikono ile iliyochomeka redio za nusu ya dunia ikaanza kazi. Firigisi. Mpira wa samaki. Uyoga. Mkate wa mvuke. Kula, Bosi. Asante ya mwaka mzima, Bosi. Kimoja kikitua, kingine kipo njiani, hapana kilichopinda, hapana kilichokwama. Bakuli lilijaa, likapanda, likamfikia kidevuni. Mashavu yalimvimba hadi masikio yakasogea nyuma. Wapo wanaoapa kwamba kifungo cha shati lake kilifyatuka kikavuka mto, kikampiga afisa mmoja wa Taipei aliyekuwa anakunywa chai. Mimi sijui, lakini shati lilibaki bila kifungo.

Kila alipofungua kinywa kusema, kinywa kilikuta kazi.

"Acheni kwanza," alisema Siok-khim.

Wakaacha. Bosi Giam alikuwa analengwa na machozi, si ya uchungu peke yake. Kulikuwa na pilipili.

"Sasa sema," alisema Siok-khim. Hakupandisha sauti. Benchi lilimjua: akipiga kelele ni salama, akishusha sauti ni hatari. "Hong-tsi anatoka?"

"Mmh-mmh."

"Hiyo ni lugha ya nguruwe. Meza kwanza."

Akameza. Koo lilionekana likifanya kazi ya mwaka.

"Hatoki," alisema.

"Mtazame yeye. Mimi sikukuuliza kwa ajili yangu."

Bosi Giam akageuza shingo polepole, kana kwamba ina kutu, akamtazama Hong-tsi usoni. Ilikuwa mara ya kwanza, Hong-tsi alisema baadaye, na aligundua kwamba Bosi ana jicho moja la kahawia kuliko jingine.

"Hutoki," alisema Bosi Giam. "Hakuna anayetoka. Bakuli la pili litakaa na ninyi. Mtalihudumia kwa zamu."

"Neno la nani?"

"La Giam."

"Nenda ukamwambie na Babu wa Ardhi. Na kiatu uvae."

Akaenda. Soksi yenye tundu ikaacha alama za supu hadi chini ya ngazi, kisha akarudi kukifuata kiatu, kisha akaenda tena.

Utadhani hapo hasira ya Siok-khim ilizimika. Haikuzimika. Watu walimpigia vijiti mezani, Hong-tsi alimkumbatia akilia na kumwita mbwa wake mpendwa, yeye akakaa tu, vijiti hakuvigusa. Alimwambia Bun-liong achomeke waya ili wengine wale. Sinia likaanza kuzunguka, kuku asiye na kichwa akawapitia wote tena, hakumtazama mtu. Alipokwenda nyumbani aliivunja sahani moja, safi, bila sababu, na mumewe akaifagia.

Maana neno lililotolewa kwa kubanwa shavu ni neno gani? Aliyelitoa angeweza kulimeza tena pamoja na chakula chochote. Hilo lilimkalia rohoni mwaka mzima, huku bakuli la kijani na bakuli la pili yakitetemeka pande zote mbili za benchi, na viti vyote vikiwa vimejaa. Giam alitimiza. Lakini yeye hakumwamini hata siku moja, na hakumficha.

Mwaka uliofuata karamu ilipofika, Bosi Giam hakutaka kuku. Bata hakumtaka, ana kichwa. Samaki naye ana kichwa. Mpishi akaambiwa alete pweza, na pweza akaletwa, amejikunja katikati ya sinia, mikono minane imeelekea kila upande, kila mtu na mkono wake.

"Huyu kichwa chake ni kipi?" aliuliza Hong-tsi.

"Hana," alisema Bosi Giam haraka. "Huyu hana kichwa. Kuleni."

Wanawake wakacheka, wakachukua vijiti, kisha vijiti vyote vikasimama hewani, wakimsubiri Dada Khim. Naye hakucheka. Aliinama, akainua pindo la kitambaa chekundu, akachungulia chini ya meza.

Viatu viwili. Vyote mguuni, kamba zimefungwa.

Akashusha kitambaa, akakaa vizuri.

"Kuleni," alisema.